Shajara ya mradi: kuifuata zebaki ya Lupa kwenye matope

Februari

Nafungua shajara hii kwa sababu wanaofuatilia mradi wamekuwa wengi na kila mmoja ananiuliza kivyake, wanafunzi, wachimbaji wenyewe, ndugu zangu wa Mbeya mjini wanaokula samaki wa Rukwa kila wiki, na karibu wote swali lao ni moja, eti maji ya Chunya yana zebaki, ile metali yenye sumu inayotiririka kama maji? Nitakuwa naandika hapa tulipofikia, nikipata nafasi naandika sana, nisipopata mistari michache inatosha.

Kwa asiyejua, Lupa ni ukanda wa dhahabu ulioko wilaya ya Chunya na kuingia mpaka mkoa wa Songwe, watu wamechimba kule tangu miaka ya 1920 enzi za Mwingereza, na mgodi wa Saza ulifanya kazi kuanzia 1939 mpaka 1956. Siku hizi watu wengi walioko kwenye kazi hii ni wachimbaji wadogo. Mawe yanatoka kwenye duara (shimo la mchimbaji), yanasagwa kwenye karasha (mashine ya kusagia mawe), unga unaoshwa kwenye mwalo (sehemu ya kuoshea), ule mchanga mzito unaobaki unachanganywa na zebaki kwenye karai, zebaki inaikamata dhahabu, unaminya kwenye kitambaa unabaki na kidonge cheupe, unakichoma, zebaki inapaa na dhahabu inabaki. Kwa kawaida gramu moja ya dhahabu inaondoka na gramu moja mpaka mbili za zebaki. Sasa hiyo iliyopaa na ile iliyomwagika na maji ya kuoshea, zimeenda wapi? Huo ndio mradi wote.

Kinachoninyima raha ni kwamba maji ya ukanda ule yanaelekea Ziwa Rukwa, na Rukwa halina mto hata mmoja unaotoka. Kinachoingia kinakaa. Maji yanakauka kwa jua, chumvi na magadi vinabaki, na zebaki ni elementi, haiozi wala haiishi, inabadilisha sura tu.

Machi

Mvua bado inapiga, fildi haiendeki, kwahiyo mwezi huu ni vibali na chupa. Serikali ya kijiji imetupokea vizuri, tumekubaliana jina la kijiji halitaandikwa popote mpaka wao wenyewe wasome matokeo kwanza, na mimi naona ni haki yao. Watu wakisikia kijiji fulani kina sumu hata mahindi yao hayanunuliwi.

Chupa sasa. Wanafunzi wangu walishangaa kwanini nakataa zile chupa za plastiki wakati ni rahisi na zimejaa stoo. Plastiki ya kawaida haiishiki zebaki, mvuke wake unapenya ukutani, unaweza kutoka kwenye sampo yako au ukaingia kutoka nje, unaweka sampo safi kwenye gari moja na mtu aliyebeba zebaki mfukoni, unafika maabara unakuta maji yako "yamechafuka". Kwahiyo ni kioo chenye kifuniko cha tefloni, tunaziloweka kwenye asidi, tunasuuza, kila chupa ndani ya mifuko miwili, na fildini mmoja anashika mfuko wa nje tu, mwingine mwenye glavu safi ndio anagusa chupa. Inachosha lakini ukitafuta kitu cha mikrogramu kwa lita hakuna njia ya mkato.

Mei, fildi ya kwanza

Tumetoka Mbeya alfajiri na majaketi, ule mlima wa kwenda Chunya ukungu umekaa barabarani dereva anaendesha anachungulia, tukashuka upande wa pili saa mbili tatu mbele tumeshavua kila kitu joto linatuunguza. Mashamba ya tumbaku yamevunwa, mabani, zile nyumba za kukaushia tumbaku, yanafuka moshi.

Mpango wetu ni rahisi kuueleza, tunachukua matope ya mtoni juu kabisa ambako hakuna mwalo wala duara, alafu kwenye mialo yenyewe, alafu tunashuka na mto sehemu kwa sehemu. Ile ya juu ndio roho ya kazi. Bila kujua udongo wa eneo hili una zebaki kiasi gani kwa asili yake huwezi kumwambia mtu kwamba hiki kilichozidi umekileta wewe. Kuipata haikuwa rahisi kwasababu kila ukipanda mto unakuta shimo la zamani, watu wa huku wamechimba karibu miaka mia, ikabidi tumwombe mzee mmoja aliyezaliwa hapohapo atupeleke. Nikamwamkia, shikamoo baba, akaitikia marahaba mwanangu, unatafuta kijito ambacho hakijaguswa, twende, ila viatu hivyo utavionea huruma. Tulitembea sana. Kijito chenyewe ni chembamba, mawe yake yana kutu ya chuma, na hapo ndipo sampo zetu za msingi zimetoka.

Kwenye mwalo nilikaa muda mrefu na mama mmoja anayenunua mchanga uliokwisha kuoshwa na kuurudia tena mwenyewe. Zebaki anainunua kwa kizibo cha soda. Anaimimina kwenye karai, anatia maji kidogo, anasugua kwa kiganja kwa kuzungusha, dakika nyingi tu, mpaka vile vitone vidogovidogo vinakuwa kimoja, alafu anamwaga maji machafu pembeni, anaweka kwenye kitambaa cha kanga, anaminya. Zebaki iliyobaki inatoka kwenye nyuzi matone matone, anairudisha kwenye kichupa, maana ni hela. Kidonge kilichobaki ni kidogo kuliko punje ya mahindi. Akakiweka kwenye kijiko kikuukuu, kijiko juu ya mkaa, jiko liko jikoni kwake kabisa, pembeni sufuria ya maharage. Kidonge kikatoka kwenye weupe kikawa kijivu kikaja manjano iliyopauka. Hakuna harufu, hakuna moshi wa kuuona. Mtoto yuko mgongoni.

Nikamuuliza mama anaogopa nini kwenye hii kazi, akasema, "Dada, mimi naogopa isije ikaingia kwenye chakula, mtoto akaimeza."

Hili nataka niliseme kwa urefu kidogo maana nimelisikia mahali pengi. Zebaki ile ya majimaji ukiimeza, mwili unachukua kiasi kidogo sana, karibu yote inapita. Mvuke ndio balaa. Ukivuta mvuke wa zebaki mapafu yanachukua karibu asilimia 80, unaingia kwenye damu, unafika kwenye ubongo na figo. Zebaki inachemka nyuzi 357, mkaa unafika hapo bila shida yoyote, na baada ya hapo mvuke unapoa, unaganda kwenye bati la jikoni, kwenye kuta, kwenye nguo, kila jiko likiwaka bati likapata joto inaanza kupaa tena. Kwahiyo hata siku ambayo mama hajachoma dhahabu, jikoni bado kuna zebaki. Nilimweleza hivyohivyo, taratibu, na jioni ileile aliniita nione amehamisha jiko la kuchomea nje kabisa upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda porini. Kwa ruhusa yake tumechukua masizi ya bati la jikoni na vumbi la sakafu.

Jambo jingine ambalo halikuwepo kwenye mpango. Kwenye rundo la mawe yanayosubiri karasha niliokota jiwe la kwatzi lenye vipande vya kijivu vinavyong'aa, vina pembe za mraba kabisa, ukilivunja linavunjika mraba tena, na uzito wake unaushangaa mkononi. Galena. Hiyo ni risasi na salfa. Wanajiolojia wanajua siku nyingi kwamba mishipa ya dhahabu ya Lupa ina pairaiti, chalkopairaiti na galena, lakini kulisoma kwenye kitabu ni tofauti na kuliona jiwe lenyewe likienda kusagwa kavu karibu na pale watoto wanapochezea, vumbi jeupe limetanda mpaka kwenye majani ya mpapai. Nimerudi Mbeya nikiwa nimeshaamua, risasi inaingia kwenye mradi.

Juni

Maabara. Matope yanakaushwa chini ya nyuzi 40, ukitumia oveni kwa joto la kawaida la kukaushia udongo zebaki inakutoroka, alafu tunachekecha kwa chekeche la mikromita 63, ule unga laini ndio unaobeba metali nyingi na ndio unaosafiri mbali na maji. Tunayameng'enya kwa asidi ya haidrokloriki na naitriki, tunatia stanasi kloraidi ambayo inairudisha zebaki yote kuwa zebaki tupu, gesi ya agoni inapuliza mvuke mpaka kwenye bomba la kioo, taa ya nanomita 253.7 inapita ndani ya bomba, mwanga unaonyonywa ndio unakuambia kiasi. Kila kundi la sampo lina blanki (chupa iliyopita hatua zote bila matope ndani), lina marudio ya sampo moja mara mbili, na lina ule udongo wa kununua ambao zebaki yake inajulikana, huo usipotoa namba inayotakiwa kundi lote linarudiwa hata kama tumechoka vipi.

Majibu ya awali, na naomba yasomwe kwa utulivu. Maji ya mto yaliyochujwa, karibu yote yako chini ya kiwango cha Shirika la Afya Duniani cha mikrogramu 6 kwa lita, mengine chini kwa mbali sana. Nilipomwambia mtu mmoja ofisini akafurahi, akasema basi tuandike maji ni salama tumalize. Hapana. Matope ya chini ya mialo yamepita miligramu 0.486 kwa kilo, ambayo miongozo ya Kanada inasema ukivuka hapo viumbe vya tope vinategemewa kudhurika, na yameivuka kwa mbali, wakati yale ya kijito cha mzee hayafiki hata miligramu 0.17, kile kiwango chao cha chini. Mto ni uleule, siku ni ileile.

Zebaki haipendi kukaa kwenye maji, inashika kwenye chembe za udongo, kwenye mabaki ya majani, kwenye salfa. Ukichota maji ya kiangazi, matope yakiwa yametulia chini, unapata majibu mazuri ambayo hayamsaidii mtu yeyote. Tatizo ni kwamba karibu kila mtu akisikia uchafuzi anakimbilia kupima maji, bajeti yote inaishia kwenye maji, ripoti inasema salama, na kila masika tope linasogea hatua nyingine kuelekea Rukwa. Ndio maana mradi huu umelikalia tope.

Juni mwishoni

Umeme umekatika katikati ya kundi la sampo, taa ya mashine inataka muda kutulia kabla ya kupima, kwahiyo tumerudia kalibresheni yote, yaani kuisawazisha mashine kwa vipimo vinavyojulikana. Mtungi wa agoni umeisha na mwingine unatoka Dar. Tunasubiri.

Julai

Mwezi huu umekuwa mzito na ndio ulionifundisha zaidi.

Marudio, yale mabaki ya mwalo, hayatupwi. Yana dhahabu ambayo zebaki haikuikamata, kwahiyo mwenye plant, yaani kiwanda kidogo cha matangi, anayanunua kwa tripu za lori, anayajaza kwenye matangi ya saruji, anatia chokaa mpaka pH (kipimo cha asidi, ikiwa juu asidi hakuna) ipite 10, anamwagia sianidi, kemikali yenye sumu kali, dhahabu inayeyuka inaenda kwenye kaboni, yale makaa maalumu yanayoinasa, kaboni inapelekwa ilusheni, kituo cha kuitoa dhahabu kwenye kaboni. Kiuchumi ni jambo zuri, watu wanapata kazi, na dhahabu inatoka kwenye kitu kilichoonekana takataka. Shida ni kwamba marudio yale yameshapita kwenye zebaki, na sianidi haichagui, inayeyusha dhahabu na inayeyusha zebaki pia. Sasa ile zebaki iliyokuwa imekaa kama kitone kizito ndani ya mchanga bila kwenda popote, inageuka kuwa kitu kinachoyeyuka na kutembea na maji. Sehemu inapanda kwenye kaboni na kusafiri kwa gari mpaka ilusheni, kule kaboni na dhahabu zikipashwa moto inapaa, na ilusheni nyingine ziko katikati ya makazi. Sehemu inabaki kwenye mchanga unaotolewa tangini na kurundikwa nje.

Mkataba wa Minamata, ule wa kimataifa wa kudhibiti zebaki, uliopitishwa 2013 na kuanza kutumika 2017, unazitaja njia nne mbaya ambazo nchi inatakiwa ichukue hatua za kuziondoa, kutia zebaki kwenye mawe yote bila kuyaosha kwanza, kuchoma kidonge wazi bila chombo cha kufunga mvuke, kuchomea kwenye makazi, na hii ya kutia sianidi kwenye marudio yenye zebaki bila kuitoa zebaki kwanza. Tatu za mwanzo zinasemwa kwenye kila semina. Ya nne sijawahi kuisikia ikisemwa mwaloni hata mara moja, na mimi naiona ndiyo kubwa kuliko zote kwa ukanda huu kwasababu matangi ni mengi.

Kabla ya sampo nieleze usalama maana kuna vijana wanaosoma hapa na watataka kujaribu. Sampo ya zebaki inahifadhiwa kwa asidi. Sampo ya sianidi inahifadhiwa kwa kinyume chake, sodiamu haidroksaidi, pH juu ya 12. Maji ya tangini yana vyote viwili. Ukiyatia asidi kwa mazoea ya zebaki unatengeneza gesi ya haidrojeni sianaidi mkononi mwako, na inaua. Sisi tunachukua chupa mbili tofauti, ya zebaki haitiwi asidi fildini kabisa, inafunguliwa maabara ndani ya kabati linalonyonya hewa chafu, sianidi inavunjwa kwanza kwa hipokloraiti pH ikiwa juu ya 10, tunahakikisha imeisha, ndipo asidi inaingia. Mwanafunzi ambaye hajaweza kunielezea hatua hizi kwa mdomo wake mwenyewe haendi tangini na mimi.

Jaribio lenyewe halihitaji mashine ya ajabu. Tulichukua marudio mapya yaliyotoka mwaloni, na marudio ya plant yaliyokwisha pita sianidi, tukatia maji safi, tukayatikisa usiku na mchana, tukachuja kwenye kichujio cha mikromita 0.45, tukapima kilichopita. Mchanga wa mwaloni, pamoja na kwamba una zebaki nyingi zaidi kwa jumla, ulitoa kidogo sana majini. Ule uliopita sianidi ulitoa nyingi kwa mbali. Tukarudia kwa marundo mengine, mwelekeo uleule, na rundo la zamani lililokaa juani misimu kadhaa limetoa pungufu kuliko jipya lakini bado limeuzidi mchanga wa mwaloni.

Jua na hewa vinaivunja sianidi huru, hilo ni kweli na wenye plant wanalitumia kujitetea, pH ikishuka chini ya 9 na kitu inapaa yenyewe. Ila iliyokumbatiana na metali haivunjiki kwa haraka hiyo. Kwahiyo mtu anaweza kupima sianidi huru akapata sifuri, akasema rundo ni salama, huku zebaki iliyolegezwa iko palepale inasubiri mvua.

Agosti

Risasi. Tumeazima ile mashine ya mkononi ya eksirei, unaigusisha kwenye udongo inakupa metali nyingi kwa pamoja. Kwa zebaki haitufai, haioni kiwango kidogo, lakini kwa risasi ni nzuri mno. Angalizo kwa wanaoitumia, mstari mkuu wa eksirei wa aseniki na ule wa risasi viko karibu sehemu moja, elektronivolti elfu 10 na nusu hivi, udongo ukiwa na risasi nyingi ile namba ya aseniki usiiamini, peleka maabara.

Tumepima viwanja vinavyozunguka makarasha, hatua kwa hatua kwenda mbali, na ndani ya nyumba tulizoruhusiwa. Marekani kwa muda mrefu walitumia miligramu 400 kwa kilo kama kiwango cha kuanza kuwa na wasiwasi kwenye udongo wa makazi wanapochezea watoto, mwaka 2024 wakakishusha mpaka 200. Viwanja vingi hapa viko chini ya hapo, nashukuru. Vilivyo karibu na karasha linalosaga kavu mawe yenye zile mraba za kijivu, vimepita. Sio kila karasha, ni kutegemea jiwe limetoka duara gani, na wachimbaji wanayajua hayo mawe vizuri kuliko mimi, wanayapenda kwasababu mara nyingi yanakuja na dhahabu.

Watu wengine wataona nakuza mambo. Mwaka 2010 jimbo la Zamfara huko Nigeria watoto zaidi ya 400 walikufa kwa sumu ya risasi, na chanzo kilikuwa mawe ya dhahabu yenye risasi yaliyosagwa majumbani, kwenye vinu vilevile vya unga. Walikuwa hawaijui. Sisi tumeshaliona jiwe, tumeshaliona vumbi, kwahiyo sikusubiri ripoti ya mwisho, nilienda kwa mwenyekiti wa kijiji siku ileile namba zilipotoka. Maombi yangu yalikuwa mawili, karasha lisage kwa maji mawe ya aina hiyo, na pasiwe na karasha la kusaga dhahabu linalopokea mahindi. Hili la pili kwao lilishakuwa mwiko, nimefurahi kusikia.

Damu za watoto hatujapima. Mwili wa binadamu ni kibali kingine kabisa cha maadili ya utafiti, tumekiomba, na bila hicho hatumgusi mtu.

Septemba

Samaki. Hili ndilo dada yangu ananipigia simu kila siku, kwasababu analeta nyumbani kambale wa Rukwa kutoka soko la Mwanjelwa.

Zebaki ya mwaloni sio ile iliyoua watu Minamata. Kule Japani, ugonjwa uliotambuliwa rasmi 1956, kiwanda kilimwaga zebaki ya methili, yaani zebaki iliyounganishwa na kaboni, moja kwa moja kwenye ghuba. Huku kwetu inabidi bakteria waitengeneze, wale wanaoishi kwenye tope lisilo na oksijeni na kutumia salfeti, wanaichukua zebaki ya kawaida wanaitia methili, mdudu anamla bakteria, perege mdogo anamla mdudu, kambale anamla perege, kila hatua inapanda. Kwahiyo kambale mkubwa anayekula wenzake anatakiwa atazamwe zaidi ya perege. Kiwango kinachotumika sana ni miligramu 0.5 kwa kilo ya samaki, na 1 kwa samaki wanaokula samaki wenzao.

Tumenunua samaki sokoni na wengine ziwani, tunawapima minofu. Sitaandika namba mpaka kundi la pili liishe, kwasababu bei ya samaki ni riziki ya watu na siwezi kuichezea kwa data nusu. Ninachoweza kusema, tafiti za maziwa mengi ya Afrika zimekuta samaki wana zebaki kidogo kuliko unavyotegemea ukiangalia uchimbaji ulivyo, na Rukwa lina tope jingi na magadi mengi, mambo yanayoweza kupunguza kinachomfikia samaki. Dada yangu nimemwambia aendelee kula perege, na kwa binti yake mjamzito apunguze kambale wakubwa mpaka nimalize, hiyo ni tahadhari ya kawaida duniani kote kwa wajawazito.

Oktoba

Mkutano wa kijiji umefanyika chini ya mwembe wa ofisi, tuliwapelekea matokeo kabla ya mtu mwingine yeyote kama tulivyoahidi. Nilichora mto kwenye karatasi kubwa, sikuandika fomula hata moja, nikaweka rangi. Watu waliuliza maswali ya maana kuliko niliyoulizwa kwenye mikutano mingi ya kitaaluma. Kijana mmoja wa karasha akataka kujua kama kunawa kwa sabuni kunasaidia (kwa vumbi la risasi inasaidia sana, kwa mvuke haisaidii kitu). Mama wa mwaloni yule wa mwezi wa tano akasimama akaeleza habari ya bati la jikoni kwa maneno yake, na mkutano wote ukanyamaza kumsikiliza, tofauti na nilivyoongea mimi.

Kuhusu retoti, kile chombo cha kuchomea kinachofunga mvuke, mvuke unapita kwenye bomba unapoa na zaidi ya asilimia 90 ya zebaki inarudi kuwa ya majimaji na kuokolewa, wengi wanakifahamu na hawakitumii. Sababu zao nimezisikiliza. Ndani ya chuma huioni dhahabu yako, na mchimbaji ambaye ana wenzake watano wa kugawana nao hataki kitu kimfunikie macho. Inachelewa. Na dhahabu inaweza kutoka na rangi ambayo mnunuzi anaitilia shaka akashusha bei. Hizi sio sababu za ujinga, ni sababu za hela na uaminifu, na chombo kisichojibu mambo hayo kitaishia stoo. Fundi wa kuchomelea pale senta anatutengenezea yenye kikombe cha kioo juu, tutaijaribu.

Borakisi, ile poda nyeupe ya kuyeyushia, pia imetajwa, njia ya Benguet kule Ufilipino ambako wachimbaji wanayeyusha mchanga mzito wa dhahabu kwa borakisi bila zebaki kabisa, lakini inataka mchanga uwe umeoshwa vizuri mno mpaka ubaki kidogo sana, kwahiyo mafunzo yatakuwa ya kuosha kwanza.

Kubwa kwangu ni wenye plant. Walikuja, wakakaa nyuma, na mmoja alikasirika, akasema mnataka tufunge. Nikamwambia mzee wangu hapana, tunataka zebaki itoke kabla ya tangi. Kuna njia ya zamani, sahani za shaba zilizopakwa fedha, unapitisha marudio na maji juu yake kwa mteremko, vitone vya zebaki vinanasa kwenye fedha, na pamoja navyo inanasa dhahabu iliyokuwa imeshikana nayo, kwahiyo ni hela pia. Haitatoa yote, ile laini sana itapita. Ila kila gramu inayobaki kwenye sahani ni gramu ambayo sianidi haitaikuta.

Baadae yule aliyekasirika alinifuata kwenye gari. Ametukabidhi rundo moja la kujaribia, lori za mwezi huu, nusu itapita kwenye sahani na nusu itaenda tangini kama kawaida, tutapima pande zote mbili kabla ya sianidi na baada, na tutarudia lile jaribio la kutikisa. Sharti lake ni kwamba majibu yabandikwe kwa Kiswahili kwenye geti lake, yakiwa mazuri au mabaya, ili wauza marudio wote wayaone. Sahani zinakatwa Mbeya wiki hii, mvua za Novemba hazijaanza, na fundi anasema fedha ya kupakia ataipata.